Maswali ya Wasomaji: Maji Yanayolinda Turubai la Bwawa

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya barua zinazohusu mabwawa ya kuogelea yaliyotandikwa turubai la vinili, yaani ile plastiki nene yenye michoro ya vigae ambayo hushika maji mahali ambapo wengine huweka vigae vyenyewe. Barua zimetoka Mwanza na miji mingine ya mwambao wa Ziwa Victoria, na karibu zote zinalalamikia ubora wa turubai. Baada ya kuzisoma kwa makini nimeona kwamba, katika nyingi kati yake, turubai halina kosa. Kilichoharibika kwanza ni maji, na turubai limefuata.

Ndugu Mtaalamu, mimi na mume wangu tunaendesha nyumba ya wageni huku Bwiru. Bwawa letu lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani wa mita 1.5. Turubai halijatimiza miaka mitatu, lakini sakafu ya upande wenye kina kirefu imetokwa na mabaka meupe, na karibu na skima (ule mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu kwenda kwenye chujio) plastiki imejikunja mikunjo isiyoondoka. Kijana wetu hurusha klorini ya punje kila jioni na kuweka vidonge vya klorini ndani ya skima. Kwa muda mrefu kipimo kimeonyesha kwamba klorini haipo kabisa na kwamba pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali) iko juu, rangi ya zambarau. Kwa hiyo tumekuwa tukiongeza klorini na asidi, lakini hatuoni nafuu. Fundi anasema tuliuziwa turubai bovu. Je, tudai fidia?

Dada yetu wa Bwiru, nakuomba usitangulie kudai fidia, kwa sababu maelezo yako yanaelekeza kwingine. Dawa ya kupimia klorini hugeuza maji kuwa ya waridi, na kadiri klorini inavyoongezeka ndivyo rangi inavyokolea. Lakini klorini ikizidi sana, kwa kawaida ikishapita miligramu 10 hadi 15 kwa lita (kipimo ambacho kwenye makopo huandikwa ppm), huanza kuifuta rangi hiyo yenyewe, na maji yaliyomo katika kichupa hubaki bila rangi kana kwamba hayana klorini hata chembe. Mtu mwenye macho makini huona waridi likijitokeza kwa sekunde chache dawa inapoanza kuyeyuka, kisha likatoweka. Klorini hiyo hiyo hupotosha pia kipimo cha pH: dawa ya fenoli nyekundu hugeuka zambarau, na mpimaji akaamini kwamba maji yana alkali nyingi wakati pengine tayari ni ya asidi.

Tazama basi mlolongo wake. Kipimo cha kwanza kiliwafanya muongeze klorini, cha pili kikawafanya muongeze asidi, na kila mlipoongeza, vipimo vilizidi kudanganya. Hakuna hali inayoumiza vinili kuliko hiyo ya klorini nyingi ndani ya maji yenye pH ya chini. Vinili kwa asili ni plastiki ngumu, na ulaini wake unatokana na vilainishi vilivyochanganywa nayo kiwandani. Maji yenye pH iliyo chini ya 7 yakikaa nayo kwa majuma mengi, plastiki hunywa maji na kutanuka, na kwa kuwa kingo zake zimebanwa ukutani haina pa kwenda ila kujikunja. Klorini iliyozidi, kwa upande wake, hula rangi iliyochapwa juu na kuharakisha kukauka kwa plastiki, hadi siku moja turubai linapasuka kwenye pembe bila kuguswa.

Thibitisheni kesho asubuhi. Changanyeni sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu nne za maji ya kunywa ya chupa, pimeni klorini, kisha zidisheni jibu kwa 5. Kwa pH njia hiyo haifai. Hapo ni lazima kusubiri klorini ishuke kwanza. Kama mtakuta klorini imepita miligramu 5, acheni kuongeza kitu chochote, liacheni bwawa wazi juani, na wageni wasiogelee hadi klorini irudi kati ya miligramu 1 na 3. Kisha pimeni pH kwa dawa mpya, kwa kuwa dawa ya kupimia iliyokaa kabatini zaidi ya mwaka mmoja haiaminiki, na mkiikuta chini ya 7.2 ipandisheni taratibu kwa njia nitakayoieleza katika jibu linalofuata.

Sasa kuhusu mabaka meupe. Punje za klorini ya kalisi, ile yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, haziyeyuki papo hapo. Zikirushwa jioni, hasa pampu ikiwa imezimwa, huzama na kulala sakafuni, na kila punje huunguza mahali ilipolala. Rangi iliyokwisha kuunguzwa hivyo hairudi kwa dawa yoyote, na yeyote atakayekuuzia dawa ya kuirudisha anakuibia. Mwambie kijana wako ajaze maji ndoo ya plastiki kwanza, kisha atie klorini ndani ya maji (kamwe asimwage maji juu ya klorini), akoroge, aache mashapo yatuame, na amimine maji ya juu polepole mbele ya tundu linalorudisha maji bwawani, pampu ikiwa inafanya kazi. Bwawa lenu lina takriban lita 48,000, kwa hiyo kila gramu 75 hivi za klorini hiyo huinua kiwango kwa miligramu 1 kwa lita. Pimeni kwa mizani ndogo ya jikoni, wala msipime kwa kikombe wala kwa kiganja.

Vidonge viondoeni ndani ya skima leo hii. Kidonge hicho ni cha asidi kali, na maji yanayokizunguka huwa na pH ya karibu 3. Pampu inapozimwa usiku, maji hayo hutoka polepole mdomoni mwa skima na kulikaa turubai la jirani, ndiyo maana mikunjo yenu imeanzia pale. Zaidi ya hayo, kidonge cha gramu 200 huacha katika bwawa la ukubwa wenu takriban miligramu 2 kwa lita za asidi ya sianuriki, ambayo mafundi huiita stabilaiza. Kiasi kidogo chake ni cha lazima, kwa kuwa chini ya jua letu la karibu na ikweta klorini isiyo na kinga hiyo inaweza kupotea nusu yake kwa muda wa saa moja au pungufu. Kiwango kizuri ni miligramu 30 hadi 50. Lakini haipotei kwa jua wala kwa chujio. Hujilimbikiza tu, na ikipita 100 klorini hufanya kazi kwa uvivu mkubwa.

Naomba pia jambo moja msilipuuze. Vidonge hivyo na klorini ya punje visiguse chombo kimoja hata mara moja, hata kama ni kijiko, kwa sababu vikikutana vinaweza kuwaka moto au kulipuka. Asidi nayo ihifadhiwe chumba tofauti kabisa na klorini, kwa maana mchanganyiko wao hutoa hewa ya sumu inayoweza kuua mtu ndani ya stoo ndogo.

Shikamoo Mtaalamu. Mimi ni mtunza bwawa katika hoteli ndogo huku Nyegezi. Tunajaza maji ya bomba. pH yangu haitulii: leo 7.8, keshokutwa 6.9, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Mwenzangu amenishauri niweke magadi ya sokoni, yale ya mawe. Je, yanafaa kwa turubai?

Marahaba, kijana wangu. Swali lako ndilo kiini cha mambo yote katika mji wetu, na nimefurahi kwamba limeulizwa na mtu anayeshika ndoo kwa mkono wake.

Maji ya bomba ya Mwanza hutoka ziwani, na maji ya Ziwa Victoria ni laini: yana madini machache, na ualkali wake, yaani uwezo wa maji kuizuia pH isiyumbe, ni mdogo. Kwa bwawa la vinili tunahitaji ualkali wa miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Maji ya ziwa kwa kawaida hayafiki hapo. Pale yanaposafishwa kwa shabu ili tope litulie, sehemu ya ualkali huo mdogo huliwa tena. Ndiyo sababu kikombe kidogo tu cha asidi kinaiporomosha pH yako, na klorini ya punje, ambayo ina alkali, inairusha juu siku ya pili. Mvua za masika na za vuli huongeza maji ambayo kwa asili yana asidi kidogo na hayana ualkali wowote wa kutegemewa.

Kwa hiyo usiifukuze pH. Tengeneza ualkali kwanza, na pH itatulia karibu yenyewe. Dawa yake ni bikaboneti ya sodiamu, ile ile inayotumika kuumulia keki, inayouzwa kwa mifuko katika maduka ya kemikali. Kwa kila mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, gramu 17 huinua ualkali kwa miligramu 10 kwa lita. Kama bwawa lako lina lita 48,000 na ualkali wake ni 50, ukitaka kufika 90 utahitaji takriban kilo 3.3. Usiimwage yote kwa siku moja. Igawe kwa siku mbili au tatu, iyeyushe kwenye ndoo, mimina huku pampu inazunguka, na upime baada ya kupita muda wa saa sita. Kama bwawa lako linatumia vidonge, lenga 100 hadi 120, kwa sababu vidonge hula ualkali kila siku. Kama linatumia klorini ya punje, 80 hadi 100 inatosha. Lengo la pH liwe kati ya 7.2 na 7.6.

Pengine utauliza kwa nini tusiache pH ipande hadi 8 ili turubai liwe salama na asidi. Sababu ni klorini yenyewe. pH ikiwa 7.2, karibu theluthi mbili za klorini huwa katika hali ile yenye nguvu ya kuua vijidudu. Ikifika 8, hubaki karibu robo tu. Mtunza bwawa huona maji yanaanza kuwa ya kijani, anamwaga klorini zaidi, na tunarudi kulekule kwenye mabaka ya dada yetu wa Bwiru. Isitoshe, pH ya juu nayo ikidumu huweza kulitanua turubai.

Kuhusu magadi ya mawe, hapana. Ni kweli kwamba ndani yake mna kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na ndiyo maana yanalainisha maharage jikoni. Lakini yamechimbwa kama yalivyo, yana udongo na chumvi nyingine, na mara nyingi yana floraidi. Huwezi kujua gramu 100 zake zina nguvu kiasi gani, na kaboneti iliyomo huirusha pH kabla ualkali haujafika unapotaka. Chembe zake ngumu zikikaa sakafuni, miguu ya waogeleaji huzisugua kwenye plastiki.

Asidi, unapolazimika kuitumia, itie ndani ya ndoo yenye maji (usitie maji ndani ya asidi), vaa glavu na miwani, mimina polepole upande wenye kina kirefu mbele ya tundu la kurudishia maji, mbali na ukuta. Asidi ni nzito kuliko maji. Ikimwagwa sehemu moja huzama na kutandaa juu ya turubai. Tumia nusu ya kiasi ulichokikadiria, acha pampu izunguke kwa muda wa saa nne, kisha upime tena.

Tumechimba kisima kirefu Buswelu ili kupunguza bili ya maji. Siku mbili baada ya kujaza bwawa na kuweka klorini, maji yaligeuka rangi ya chai na turubai likaingia madoa ya kahawia. Je, plastiki imeoza?

Haijaoza. Maji ya visima virefu katika miamba yetu yanaweza kuwa na chuma kilichoyeyuka, ambacho hakionekani kwa macho maji yanapotoka ardhini. Klorini hukigeuza kuwa kutu, na kutu huganda juu ya turubai. Kiasi cha miligramu 0.3 kwa lita kinatosha kuleta madoa.

Kabla hujafanya lolote, saga kidonge cha vitamini C, funga unga wake katika kitambaa na ukishikilie juu ya doa kwa dakika moja. Doa likififia, ni chuma. Hapo ndipo utanunua dawa ya kufunga madini katika duka la vifaa vya mabwawa na kufuata maelekezo yake huku klorini ikiwa chini. Usisugue kwa asidi wala kwa brashi ya waya, maana utaondoa doa pamoja na rangi ya turubai.

Kwa maji yajayo, yapitishe kwanza kwenye tangi: yadondoke kutoka juu ili yapate hewa, tia klorini kidogo, yaache yatuame usiku kucha, kisha vuta maji ya juu tu. Ningependa zaidi ujaze bwawa kwa maji ya bomba, na kisima ukitumie kwa bustani. Gharama ya kujaza mara moja ni ndogo kuliko bei ya turubai.

Niko Bukoba. Muuzaji ananiambia maji ya ziwa hayana kalisi, na kwamba bila kununua mifuko ya kalisi maji yatalila turubai langu. Ni kweli?

Kwa bwawa la saruji au la vigae angekuwa na hoja, kwa sababu maji yenye njaa ya kalisi huitafuta kwenye saruji. Vinili haina kalisi ya kuliwa. Wengi hupendekeza miligramu 150 hadi 250 kwa lita ili kulinda vifaa vya chuma na kipasha maji, kama unacho. Turubai lenyewe halihitaji. Kama unatumia klorini ya punje, kalisi itaongezeka yenyewe polepole. Fedha hiyo nunulia dawa mpya za kupimia.

Huku Musoma wadudu wadogo wa ziwani hufika usiku kama moshi na kuanguka ndani ya bwawa kwa maelfu. Asubuhi maji yananuka, na baada ya siku mbili kuta zinateleza na kuwa za kijani. Jirani anatumia mrututu wanaotumia wakulima na anasema unafanya kazi haraka. Nifuate ushauri wake?

Ndugu yangu wa Musoma, usifuate. Mrututu ni shaba, na ni kweli kwamba shaba huua mwani. Lakini pH ikipanda kidogo, shaba huganda juu ya turubai na kuacha madoa ya kijani kibichi au meusi ambayo ni magumu kuondoa kuliko mwani wenyewe, na nywele za watoto wenye nywele za rangi hafifu hugeuka kijani. Kibaya zaidi ni maji ya kuoshea chujio. Nyumba nyingi za mwambao huyaelekeza kwenye mtaro unaoishia ziwani, na shaba ni sumu kwa samaki na kwa wadudu wanaoliwa na samaki. Maji hayo, yawe na shaba au klorini, yasifike ziwani. Yachimbie shimo la kunyonya mbali na ufuo.

Wadudu wale hufuata mwanga. Katika usiku wanapotoka kwa wingi, mara nyingi karibu na mwezi mwandamo, zima taa za bwawani na zile za baraza inayolitazama, na acha taa moja mbali, upande wa pili wa ua, iwavute huko. Kabla ya jua kuchomoza opoa waliokufa kwa wavu, kwa maana wakizama wanaoza, na kuoza kwao kunakula klorini yote na kuacha ile harufu kali ambayo watu hudhani ni klorini nyingi, ingawa ni klorini iliyokwisha kufungwa na uchafu.

Mwani ukishashika, sugua kuta kwa brashi ya nailoni, shusha pH hadi 7.2, kisha jioni tia klorini iliyoyeyushwa hadi karibu miligramu 10 kwa lita, na acha pampu izunguke usiku kucha. Turubai linavumilia kiwango hicho kwa usiku mmoja au miwili. Halivumilii kikikaa hivyo kwa mwezi. Mtu asiingie majini hadi klorini irudi chini ya 3.

Bwawa letu la Igombe liko hatua chache kutoka ufuoni. Tunataka kumwaga maji yote, tusugue sakafu na tujaze upya kabla ya Desemba. Tunahitaji tahadhari gani?

Tahadhari kubwa ni kutomwaga yote. Uzito wa maji ndio unaolibana turubai mahali pake. Karibu na ziwa, maji ya ardhini huwa juu, na huwa juu zaidi wakati wa vuli, ambao ndio wakati mnaoutaja. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda kupita kawaida, nyumba nyingi za mwambao ziliona maji yakitokea sakafuni. Bwawa likiwa tupu, maji hayo huliinua turubai kutoka chini na kulifanya livimbe, na mchanga uliolala chini yake huhama. Turubai lenye umri wa miaka kadhaa nalo husinyaa likikauka juani, na mnapojaza tena hupasuka kwenye pembe.

Kama sababu ya kutaka kumwaga ni uchafu wa sakafuni, tumieni mfyonzo wenye brashi laini bila kupunguza maji. Kama ni stabilaiza iliyozidi, badilisheni robo ya maji kwa wakati mmoja, jazeni, zungusheni pampu kwa siku moja, pimeni, na mrudie ikibidi. Ule mstari wa mafuta unaojitokeza usawa wa maji uondoeni kwa sifongo na sabuni laini ya maji isiyo na chenga; petroli, thina ya rangi na unga wa kusugulia masufuria visiguse vinili kabisa.

Kabla hamjapunguza hata hiyo robo, chimbeni shimo jembamba pembeni mwa bwawa, lenye kina sawa na sakafu ya upande wa kina kirefu, na mtazame asubuhi ya pili. Mkikuta maji ndani yake, usawa wa maji ya bwawa usishushwe chini ya usawa wa maji ya shimo hilo. Na kama turubai limekwisha kuvimba, msilitoboe. Acheni bwawa likiwa limejaa, vuteni maji ya shimoni kwa pampu ndogo hadi ardhi ikauke, kisha lirudisheni turubai mahali pake kwa kulisukuma kwa miguu mitupu, kuanzia katikati kuelekea kingoni.